Bangi, jini au ugonjwa? Mgonjwa mmoja anapopewa majina matatu

Kijana mmoja wa miaka 23, utingo wa matatu mjini Mombasa, aliacha kulala. Usiku kucha alikuwa akizunguka uani, akifunga lango na kulifungua. Aliwaambia watu wa nyumbani kwamba abiria walikuwa wakimsema kwa ishara, na kwamba dereva wake amepewa pesa ili amwue. Hatimaye alikataa chakula cha mamake akidai kimetiwa sumu.

Mamake alisema mtoto amepandwa na jini. Babake, mfanyakazi wa bandarini, alisema hakuna jini wala shetani, ni bangi na miraa tu, na dawa yake ni kiboko. Walipompeleka zahanati, mhudumu alimtazama dakika chache, akaandika kwamba ana wazimu, akamdunga sindano ya usingizi. Alipozinduka walimpeleka kituo cha kurekebisha waraibu. Huko waliambiwa kituo hakipokei wagonjwa wa akili. Walipokwenda kwenye wodi ya wagonjwa wa akili, waliambiwa kijana aache bangi kwanza ndipo arudi.

Kijana huyu ni wa mfano. Tumemtunga kwa ajili ya somo la leo. Hata hivyo, msomaji, ikiwa umeishi mjini kwa muda huenda umekwisha kumwona mtu wa namna yake, pengine katika nyumba yako mwenyewe. Swali linaloisumbua jamaa yake ndilo swali gumu kuliko mengi katika tiba ya akili: mtu anayetumia kileo na ambaye akili yake imevurugika, anaugua nini hasa?

Maradhi mawili kwa wakati mmoja

Jambo la kwanza la kujua ni kwamba si lazima jibu liwe moja. Mtu anaweza kuwa na ugonjwa wa akili na uraibu kwa pamoja, kama vile mtu anavyoweza kuwa na kisukari na shinikizo la damu. Maradhi hayo mawili hukutana kwa njia nne.

Njia ya kwanza, kileo chenyewe huvuruga akili. Njia ya pili, ugonjwa wa akili hutangulia, na mgonjwa hukimbilia kileo ili apate nafuu: mwenye hofu hunywa ili atulie, asiyepata usingizi humeza tembe, mwenye huzuni nzito huvuta ili asahau. Njia ya tatu, yote mawili hutoka katika shina moja, kama vile mateso ya utotoni, umaskini mkali au maradhi yaliyomo katika ukoo.

Njia ya nne husahauliwa mno. Huenda tatizo ni ugonjwa wa mwili unaojifanya wazimu. Malaria iliyopanda ubongoni, homa ya uti wa mgongo, sukari kushuka, jeraha la kichwa, kaswende iliyokaa muda mrefu na virusi vya Ukimwi vyote vinaweza kumfanya mtu aropokwe na aone yasiyokuwepo. Ikiwa mtu amevurugika ghafla, ana homa, au hajui yuko wapi wala leo ni siku gani, mpeleke hospitali mara moja. Usiseme "ni pombe tu" kwa sababu ananuka pombe. Hata mlevi hupata malaria.

Kalenda ni kipimo

Wengi hudhani kuna kipimo cha damu kitakachosema hili ni bangi na lile ni ugonjwa wa akili. Hakipo. Kipimo cha mkojo kinaweza kuonyesha kwamba mtu ametumia bangi, na kwa mvutaji wa kila siku alama hizo hubaki kwa wiki kadhaa. Lakini hakiwezi kusema kwamba bangi hiyo ndiyo iliyoleta sauti anazozisikia.

Kipimo kinachosaidia zaidi ni kalenda. Tabibu mzuri huchukua karatasi, akapiga mstari, akaandika miaka. Juu ya mstari huandika habari za kileo: alianza lini, aliongeza lini, aliacha lini. Chini yake huandika habari za akili: alianza kujitenga lini, alianza kusikia sauti lini, alikosa usingizi lini. Kisha huuliza maswali matatu.

1. Ni lipi lililotangulia?

2. Je, kuna wakati mgonjwa alikaa bila kileo, kwa mfano alipokuwa shule ya bweni, jela, hospitalini au kwa jamaa mashambani? Hali yake ilikuwaje wakati huo?

3. Je, katika ukoo kuna mwingine aliyeugua hivyo? Hapa usiulize habari za "kichaa" peke yake. Uliza habari za yule mjomba aliyesemekana kurogwa, au shangazi aliyehama nyumba na kuishi peke yake.

Kwa kawaida, vurugu ya akili iliyoletwa na kileo hupungua siku chache au wiki chache baada ya kuacha. Ikiendelea zaidi ya mwezi mmoja hivi bila kileo, yafaa kushuku ugonjwa unaojitegemea, kama vile skizofrenia. Huzuni ya mnywaji pia mara nyingi hupungua wiki mbili hadi nne baada ya kuacha pombe. Lakini muda huo ni wa kumchunguza mgonjwa huku akitunzwa. Anayezungumzia kujiua atibiwe siku hiyo hiyo.

Kila kileo na tabia yake

Miraa ina kemikali iitwayo kathinoni, inayoamsha mwili na kuufukuza usingizi. Mtu akitafuna kwa wingi, usiku baada ya usiku, anaweza kuanza kuwashuku watu na kusikia sauti. Akiacha na kulala, wengi hupata nafuu katika muda mfupi.

Bangi inaweza kuleta vurugu ya muda. Pia huongeza hatari ya ugonjwa wa kudumu, hasa kwa anayeanza akiwa kijana mdogo, anayevuta kila siku, au mwenye ugonjwa huo katika ukoo.

Heroini, ambayo watumiaji huiita unga, kwa kawaida haimfanyi mtu asikie sauti. Humfanya asinzie, na akiikosa hupata arosto: maumivu ya viungo, kuhara, kutokwa na makamasi na kukosa usingizi. Kwa hiyo, mtumiaji wa unga akisema anasikia sauti, tabibu atafute sababu nyingine wala asitosheke na neno "teja". Hatari kubwa iko katika kuchanganya unga na tembe za usingizi, zile ambazo vijana huziita bugizi. Viwili hivyo kwa pamoja vinaweza kuzima pumzi.

Pombe ndiyo yenye mtego. Mtu anayekunywa kila siku akiachishwa ghafla anaweza kutetemeka, kutokwa na jasho na kupata kifafa katika siku mbili za kwanza. Kati ya siku ya pili na ya nne anaweza kuchanganyikiwa na kuona wadudu au watu wasiokuwepo. Hali hiyo inaweza kuua. Wapo waliofungiwa chumbani "ili waache pombe" wakadhaniwa wamepandwa na pepo, kumbe walihitaji hospitali, dawa ya kutuliza na vitamini B1.

Hesabu ya kinywaji nayo ina desturi zake. Fomu nyingi za hospitali huuliza idadi ya chupa. Lakini wazee wa Magharibi wanaokunywa busaa kwa mirija mirefu kutoka chungu kimoja watahesabu chupa zipi? Na mnywaji wa chang'aa hununua kwa glasi, pengine kwa deni. Ni afadhali kuuliza: Unatumia pesa ngapi kwa siku? Asubuhi, kabla hujanywa, mkono wako hutetemeka? Kuna siku uliyopitisha bila kunywa, na ilikuwaje?

Sikiliza lugha ya mgonjwa

Wagonjwa wachache huingia kliniki wakisema "nina mfadhaiko". Mmoja atasema kichwa kinawaka moto. Mwingine atasema moyo unakwenda mbio, mwili wote unauma, au ana mawazo mengi. Asiyejua lugha hiyo atampa tembe za maumivu na kumwambia aende nyumbani.

Makosa hutokea pia upande wa pili. Ukimwuliza mtu, "Je, unasikia sauti?" atajibu ndiyo, kwa kuwa masikio yake ni mazima. Uliza hivi: "Je, huwa unasikia mtu akisema nawe ukiwa peke yako, ukitazama humwoni?" Kama lugha ya mama ya mgonjwa si Kiswahili, atafutwe mkalimani mtu mzima. Mtoto wa mgonjwa asifanywe mkalimani, kwa maana hakuna mama atakayemwambia mwanawe wa kiume kwamba anakunywa kwa siri au anawaza kujiua.

Kuheshimu desturi hakumaanishi kukariri orodha ya makabila. Tabibu anayesema "huyu ni Mmeru, bila shaka ni miraa" au "huyu ni wa Pwani, bila shaka ni majini" hajaheshimu desturi ya mtu yeyote, amebahatisha tu. Mgonjwa huyo wa Meru huenda hajatafuna miraa maishani mwake. Mwongozo wa madaktari wa magonjwa ya akili wa Marekani uliotolewa mwaka 2013 una maswali 16 ya kumwuliza mgonjwa kuhusu utamaduni wake, na yote yanamtaka aeleze mwenyewe. Kwa ufupi: Wewe unaliitaje tatizo hili? Unadhani limeletwa na nini? Watu wako wanasemaje? Umekwisha kutafuta msaada wapi? Unaogopa nini zaidi?

Jini, Roho na sauti

Je, mtu akisema ameitwa na mizimu, au kwamba Mungu amesema naye, ni mgonjwa? Si lazima. Kuna makanisa ambako muumini hunena kwa lugha siku ya Jumapili, na Jumatatu yuko kazini akiuza duka lake vizuri. Kuna nyumba za Pwani ambako pepo hupungwa kwa ngoma, na ngoma ikiisha mtu hurudi kupika. Mambo hayo yana mahali pake na wakati wake, na wenzake wanayaelewa.

Tabibu atazame mambo matatu. Kwanza, je, wenye imani ile ile wanaliona jambo hilo kuwa la kawaida? Mara nyingi shekhe au mchungaji mwenyewe ndiye husema, "Hili la kwake si la dini." Pili, je, hutokea katika ibada tu, au humfuata mchana na usiku? Tatu, je, anaendelea kula, kulala, kuoga, kufanya kazi na kuwajali wanawe?

Mganga na mhubiri nao wana jambo la kujifunza. Dua, kisomo na maombi havigombani na tembe. Kinachoharibu ni kumfunga mgonjwa minyororo, kumnyima chakula, kumpiga, au kumwamuru aache dawa za hospitali.

Somo kutoka Mathari

Historia yetu inaonyesha hasara ya kutomsikiliza mgonjwa. Hospitali ya Mathari mjini Nairobi ilianzishwa mwaka 1910. Kati ya 1938 na 1950 ilisimamiwa na daktari wa kikoloni, J. C. Carothers. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika, na ndani yake alidai kwamba mfadhaiko ni nadra kwa Waafrika. Alitafuta sababu katika malezi na katika ubongo wa Mwafrika.

Tufikiri kidogo. Ni nani waliokuwa wakipelekwa Mathari siku hizo? Ni wale waliofanya fujo wakakamatwa. Mama mwenye huzuni havunji dirisha la mtu. Hukaa jikoni, hali, hasemi, na hakuna polisi anayemfuata. Miaka baadaye John Orley na John Wing waliwachunguza watu katika vijiji viwili vya Uganda kwa lugha yao. Katika utafiti wao wa 1979 walikuta mfadhaiko mwingi kuliko ule uliopatikana kwa wanawake wa Camberwell, London. Ugonjwa ulikuwepo siku zote. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza pale unapokaa.

Kosa hilo halikuzikwa na ukoloni. Leo mvulana anayefanya fujo huitwa mvuta bangi hata kabla ya kuulizwa, na mwanamke anayekunywa kwa siri chumbani haulizwi kabisa, kwa kuwa hatudhani mwanamke anakunywa.

Aibu na hofu ya sheria

Kuna wanaoficha kwa sababu ya dini. Mwislamu aliyekunywa pombe, au mlokole aliyerudi kwenye chupa, hatasema mbele ya babake. Tabibu ampe nafasi ya kuzungumza peke yake, na aanze kwa maneno yasiyohukumu: "Watu wengi wakisumbuliwa na usingizi hutafuta kitu cha kuwasaidia. Wewe umejaribu nini?"

Wengine huogopa polisi. Kwa miaka mingi kujaribu kujiua kulikuwa kosa la jinai nchini Kenya chini ya kifungu cha 226 cha Sheria ya Adhabu, na wengi walificha mawazo hayo hata mbele ya daktari. Januari 2025 Mahakama Kuu ilitangaza kwamba kifungu hicho kinakwenda kinyume cha Katiba. Na tangu 1989 Sheria ya Afya ya Akili imemtambua aliyevurugika akili kwa sababu ya pombe au mihadarati kuwa mgonjwa kama wagonjwa wengine.

Tibu yote mawili pamoja

Turudi kwa utingo wetu. Katika mfano huu, muuguzi mmoja wa kliniki ya afya ya akili aliwaketisha wazazi na kuchora ule mstari. Ilijulikana kwamba kijana alianza bangi akiwa na miaka 16, na miraa alipoanza kazi ya matatu akiwa na miaka 21. Lakini alipokuwa na miaka 19 alikaa miezi minne kwa shangaziye Taita. Huko hakuvuta kitu, na bado alikuwa akijifungia na kusema peke yake. Baba, baada ya kunyamaza kwa muda, alisema kwamba ndugu yake mkubwa "alirogwa" akiwa na umri huo huo.

Kisha muuguzi akawaomba wazazi watoke nje, akamwuliza kijana swali ambalo hakuna aliyekuwa amemwuliza: "Mwanangu, miraa inakusaidia nini?"

Kijana akajibu, "Nikilala wataniua. Nikitafuna, nakaa macho."

Hapo mambo yalianza kueleweka. Ugonjwa ulimletea hofu, hofu ikamtuma kwenye miraa, miraa ikamnyima usingizi, na kukosa usingizi kukazidisha ugonjwa. Babake alikuwa na sehemu ya ukweli kuhusu bangi. Mamake alikuwa sahihi kwamba mtoto hakujitakia. Kumwambia "acha kwanza ndipo tukutibu" kulikuwa sawa na kumwambia alale katikati ya watu anaoamini wanataka kumchinja.

Alianzishiwa dawa za kupunguza sauti na shuku, na papo hapo akaanza ushauri nasaha wa kuacha miraa na bangi. Mama aliruhusiwa kuendelea na kisomo, kwa sharti tembe zisikatizwe. Ndivyo inavyotakiwa: mgonjwa mmoja, faili moja, na maradhi yote mawili yakitibiwa kwa wakati mmoja. Kwa mtumiaji wa heroini, tiba ya methadoni imekuwepo Mathari tangu Desemba 2014, na Malindi ikafuata 2015. Anayeitumia anaweza kutibiwa ugonjwa wa akili vilevile, mradi daktari ajue dawa zote anazomeza.

Ukimpeleka mgonjwa, beba haya

- Mstari wa miaka yake kama tulivyoeleza, ukiandika hata yale usiyo na hakika nayo.

- Dawa zote alizopewa, pamoja na za mganga na za duka la dawa. Beba pakiti zenyewe.

- Habari za siku za karibuni: usingizi, chakula, homa, kuanguka, kifafa, kugongwa kichwa.

- Mara ya mwisho alipotumia kileo, siku na saa.

- Unavyoamini wewe kuhusu chanzo chake. Usione haya kutaja jini au uchawi. Tabibu mwema hatacheka, na akijua ataweza kupanga tiba mtakayoifuata.

Ukiambiwa aache kileo kwanza ndipo atibiwe, uliza kwa adabu ni nani atakayemtunza wakati anapoacha, na uombe barua ya kumpeleka hospitali yenye kitengo cha akili. Kwa ushauri kuhusu pombe na mihadarati, NACADA hupokea simu bila malipo kwa nambari 1192.

Na kabla ya haya yote, kaa na mgonjwa wako mahali patulivu, umwulize kile kitu anachotumia kinamsaidia nini. Jibu lake uliandike kama alivyolisema, ulipeleke kwa tabibu.